Mukanda wa imbwa na mutoto mwenye kushika fimbo

Ba ndugu, juma mbili zilizopita mwenzetu mumoja aliweka mu kikundi yetu andiko ya kurasa sita. Jina lake silitaji, mwenyewe anajijua, na nilimwambia mbele kama nitalijibu hapa, waziwazi. Anaomba miji ya Lualaba, kuanzia komine ya Dilala na ya Manika hapa Kolwezi, ianze kutoa mukanda kwa kila imbwa: namba, kibati ku shingo, feza ya kulipa kila mwaka. Baadaye ifike mupaka mu wilaya za mbali, hata kwetu Musumba. Halafu kuko sehemu ya pili, na ni ile iliyopata vidole juu mingi: imbwa za kusaidia walemavu na wanyama wa kutuliza moyo wasilipe kitu, na waingie kila mahali, mu banki, mu bisi, mu hoteli, "sawa vile inafanyika Amerika".

Andiko ni safi. Kifaransa chake kinateleza sawa mafuta ya mawese, na mutu anaona kama mwenzetu alikesha. Miye nililisoma mara tatu. Kila mara nilibaki na swali moja tu: aliliandikia nani?

Tuanze na Marekani, juu ndiko alikoanzia. Sheria anayoitegemea ni ile ya walemavu iliyotiwa sahihi tarehe 26 Julai 1990. Kanuni zake zilirekebishwa na kuanza kazi Machi 2011, na tangu pale mnyama wa kazi maana yake ni imbwa (kuko na kipande kidogo juu ya farasi mdogo, usicheke, ni kweli) iliyofundishwa kufanya kazi maalum kwa ajili ya mulemavu. Kuongoza kipofu. Kumwamsha kiziwi wakati kengele inalia. Kumjulisha mwenye kifafa kabla hajaanguka. Mnyama ambaye kazi yake ni kukaa karibu na wewe tu, moyo utulie, haingii mu ile kanuni. Anaweza kuhesabiwa mu mambo ya nyumba ya kupanga, kwa sheria ingine, lakini mulango wa duka ao wa restora haumufungukii. Mwenzetu ameviweka vyote viwili mu gunia moja.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Anasema Marekani kuko mukanda wa imbwa wa kusaidia, na sisi tuige. Hakuna! Mwenye duka anaruhusiwa kuuliza maswali mawili peke yake: je, hii imbwa inahitajiwa juu ya ulemavu? Na imefundishwa kufanya kazi gani? Basi. Hawezi kuomba karata, hawezi kusema "nionyeshe inavyofanya". Vile vyeti na vikoti vyekundu vinavyouzwa mu intaneti havina nguvu yoyote mbele ya sheria. Ni biashara ya watu wenye akili. Na upande wa komine ni kinyume kabisa cha alichoandika: imbwa ya kusaidia inapaswa kuwa na chanjo na mukanda wa kawaida sawa imbwa ingine yoyote ya ule muji. Komine inaweza kupunguza bei, inaweza kuwa na daftari ya hiari, lakini haiwezi kumulazimisha kipofu aandikishe imbwa yake kama imbwa ya kipofu. Fikirini kwa nini. Ukimulazimisha mulemavu kubeba mukanda unaosema yeye ni mulemavu kabla hajaingia kununua mukate, umeweka baraji mbele ya mutu ambaye sheria ilitaka kumwondolea baraji. Sisi wa Lualaba tunajua baraji.

Juu ya wanyama wa moyo, wenyewe Wamarekani walichoka. Januari 2018, ku uwanja wa ndege wa Newark, mama mumoja alifika na tausi, akisema ndiye anamutuliza. Walimukatalia. Desemba 2020 waliandika kanuni mupya ya ndege, na kuanzia Januari 2021 kampuni za ndege haziko tena na lazima ya kupokea mnyama wa kutuliza moyo. Wanamulipisha sawa mnyama wa nyumbani. Kwa hiyo mwenzetu anatuomba tuvae nguo ambayo mwenyewe amekwisha kuivua. Siseme hivi juu ya kumuchekesha mutu. Tulisoma wote ku unif ile ile, na ugonjwa wetu wote ni kuiga ukurasa wa mbele wa kitabu bila kufungua ule wa nyuma.

Sasa, mukanda wenyewe. Leta inamuandikisha imbwa kwa nini? Kuko jibu mbili. Moja ni feza. Uingereza walilipisha mupaka karibu na mwisho wa miaka ya 1980. Bei ilikuwa peni 37 kwa mwaka, watu wengi hawakulipa, wakaifuta. Jibu la pili ndilo la maana: kichaa cha imbwa, ile tunaita raje. Mukanda ni njia ya kujua kama imbwa ilipata sindano. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu watu karibu 59.000 wanaokufa na raje kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa meno ya imbwa. Mu watu wanaoumwa, karibu 4 ku 10 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikianza, hakuna dawa. Kabla ya dalili dawa iko: sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, mara moja, halafu chanjo. Na ukichanja imbwa 70 ku 100 za mahali, ugonjwa unakosa njia.

Pale ndipo andiko ya mwenzetu inageuka miguu juu. Mu kurasa sita, kibati kina ukurasa muzima: rangi, namba, nani anakichapisha. Sindano ina mistari miwili. Kutoka Kolwezi mupaka Musumba unapita Mutshatsha, Kasaji, Sandoa. Mu mvua ni siku, siyo saa. Chanjo inahitaji baridi njia yote. Nani anaipeleka? Nani analipa frigo na mafuta ya pikipiki? Komine ikianza kuuza vibati kabla ya sindano, ninajua kitakachotokea na ninyi munajua: ajenti atasimama ku njia panda, ataangalia shingo ya imbwa, haiko na kibati, "toa kitu". Mama atalipa ao ataacha imbwa ikimbie. Imbwa ya bure bila mwenyewe ndiyo inayoleta raje. Kwa hiyo mukanda unaouzwa vibaya unaongeza kile ulichokuja kupunguza. Sindano kwanza, bila malipo, na karata ndogo ya chanjo juu yake. Ile karata ndiyo mukanda. Kibati kingine ni cha nini?

Mwenzetu anasema pia, ukurasa wa pili, kama "desturi yetu haijui imbwa ya kazi". Hapa nilikasirika kidogo, naomba musamaha. Musumba ni muji wa Mwant Yaav. Hadisi inayoanzisha ufalme ni ya Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Waluba akaoa Ruwej. Ufalme uliotoka kwa mwindaji hauwezi kukosa kujua imbwa! Kwetu imbwa ya uwindaji ina jina, ina sehemu yake ya nyama, na mutu anayeipiga bila sababu analipa. Huku Kolwezi imbwa zinalala mu vizimba vya kampuni za ulinzi, zinazunguka ukuta wa mine na mulinzi wake usiku kucha. Kule Kivu, Parke ya Virunga ina kikosi cha imbwa za kunusa tangu 2011, zinafuata nyayo za majangili. Tunajua imbwa ya kazi vizuri sana. Kile hatuna ni imbwa ya kazi ya mulemavu, na hiyo ni habari ingine, haina uhusiano na desturi.

(Na kwa sababu tunaongea desturi: kuko imbwa yetu ya Kongo, ndogo, masikio wima, haibweki. Wazungu waliipeleka Uingereza mu miaka ya 1930, wakaipa vyeti, ukoo, mashindano. Jina walilolichagua ni Basenji. Sawasawa na lile neno walilowaitia bakambo wetu wa ku kijiji. Ndiyo imbwa ya kwetu yenye mikanda kuliko zote, na mu kila mukanda imeandikwa mushenzi.)

Mwenzetu akipata ruhusa anayoiomba, itamufaa nani leo asubuhi? Si kipofu wa Kolwezi, juu hakuna hata mumoja niliyemuona na imbwa ya kuongoza. Mu Afrika, shule ya zamani ya ile kazi ni ya Afrika Kusini, ilianza 1953. Mafunzo ya imbwa moja yanachukua karibu miaka miwili, halafu inapaswa kula kila siku, kuona daktari, na kutembea mu muji wenye njia ya miguu. Hapa kwetu njia ya miguu ni mufereji, na pembeni ya mufereji kuko makamio ya mine yasiyongoja mutu. Itakayofaidika ni imbwa ya mutu mwenye kingereza na printa, anayeweza kupakua cheti usiku na asubuhi akaingia nayo mu hoteli. Kanuni iliyoandikwa kwa jina la kipofu itatumika na asiye kipofu.

Juu ya kutuliza moyo, lakini, sitacheka. Wachimbaji wengi mu Kasulo na mu machimbo mengine wamevuta maiti ya rafiki kutoka mu shimo. Ninamujua mumoja, alitoka mu shimo peke yake, wenzake wawili hawakutoka. Halali bila imbwa yake mulangoni. Dada yake alisema: "Ile imbwa njo munganga wake." Sina neno juu ya hilo. Lakini muliulize andiko kitu gani linamupa huyu kijana. Cheti? Hana shida ya cheti. Hakuna anayemuzuia kulala na imbwa. Shida yake ni kwamba mu kartie muzima hakuna mutu aliyefundishwa wa kuongea naye, na kesho yake alirudi mu shimo.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Miye nilikuwa imbwa ya kuongoza. Nisamehe kwa neno, sikupata lingine. Nilikuwa na miaka minane, Musumba, na kambo yangu, baba ya mama, macho yake ilikuwa imekufa. Alishika ncha moja ya fimbo, miye nyingine. Asubuhi ku maji, halafu ku kanisa, ku shamba ya ndugu yake, ku kilio, ku mukutano wa wakubwa ambapo nilikaa nyuma yake na kumwambia polepole nani ameingia, ili apige makofi ya heshima kwa wakati wake. Nilikuwa ninamusomea na barua. Aliniambia kitu kimoja siku ya kwanza: "Usinivute. Weye tembea, miye nitasikia." Nilipenda ile kazi, siwezi kusema uongo. Nilijua siri za wakubwa kuliko mutoto yeyote. Lakini mwaka wa tatu nilirudia, juu nilikosa masomo siku nyingi, na binamu yangu aliyenifuata ku fimbo hakurudi ku masomo kabisa. Leo hayuko mu hiki kikundi, na hawezi kuwa.

Nyumbani tulisema ni bulozi. Miaka mingi baadaye, wakati kambo amekwisha kuchoka, munganga mumoja aliyepita alimutazama macho na taa ndogo, akasema ni kataraki, na ile inapasuliwa. Kataraki ni sababu ya kwanza ya upofu duniani. Operesheni yake ni fupi. Kambo alicheka: "Sasa nione nini tena?" Hakwenda.

Kuko sanamu ya shaba mbele ya macho ya wakubwa wa dunia, ku Banki ya Dunia Washington na ku OMS Geneva: muzee kipofu anatembea, mbele yake mutoto ameshika fimbo. Iliwekwa kukumbuka vita ya kupiganisha upofu wa mito, ule unaoletwa na nzi wadogo weusi, na dawa ya Mectizan ambayo kampuni iliyoitengeneza inaitoa bure tangu 1987. Ni sanamu nzuri. Nilipoona picha yake mara ya kwanza niliangalia mutoto tu. Mu muji ule ule wa Washington ndimo ilitiwa sahihi sheria inayosema imbwa ya kipofu iingie mu duka. Imbwa ilipata kanuni, mutoto alipata sanamu.

Mwenzetu angeanzia hapa. Kongo iliingia mu Mukataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu tarehe 30 Septemba 2015. Kifungu cha 9 na cha 20 vinaomba inchi itoe misaada ya kutembea na ya kuingia mahali pa watu wote, na mu Kifaransa, lugha tunayosomea sheria, inaandikwa wazi: msaada wa mutu ao wa mnyama. Kiingereza kinasema tu msaada ulio hai. Mutu ametajwa mbele ya mnyama. Halafu tuko na Katiba, kifungu cha 49, na tuko na sheria ya kiorganiki namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Andiko ya kurasa sita haitaji hata moja ya ile mitatu. Inataja Marekani mara kumi na moja, nilihesabu.

Kama ni kuandikia komine, tuandike ile inayoweza kufanyika kwa feza ya komine. Kipofu aingie ku banki na mu bisi na yule anayemuongoza bila kulipishwa mara mbili. Hapa Kolwezi mutoto wa fimbo analipishwa kiti chake, na nimeona akiwekwa chini ku mulango. Fimbo nyeupe na mutu wa kufundisha kuitumia, juu fimbo bila mafunzo ni kuni. Orodha ya wenye kataraki mu kila kartie na mu kila groupement, ili timu ya operesheni ikipita isianze kuuliza "vipofu wako wapi". Ku masomo, mwalimu ajue ni mutoto gani anashika fimbo ya nani, na saa gani. Na ikifika siku kipofu mumoja wa Lualaba anarudi na imbwa yake ya kuongoza kutoka Afrika Kusini, maswali mawili yale yanatosha, na karata ya chanjo. Hiyo ni mistari mitatu. Kurasa tano na nusu zilizobaki, naomba tuzitumie kwa wengine.

Juma iliyopita nilipeleka andiko ku soko ya Manika, nikalisoma kwa sauti kwa baba mumoja kipofu anayeuza karata za simu. Pembeni yake kuko binti, miaka tisa hivi, ndiye anamuhesabia franka na kumwambia noti gani imepasuka. Nilimufasiria sehemu ya imbwa. Alisikiliza vizuri, kichwa upande.

"Sasa ile imbwa, papa, itanisomea noti?"

Nikasema hapana.

"Na itakula nini?"

Nikasema nyama, ao bukari na samaki. Akacheka mupaka akapangusa macho. Halafu akauliza kama mu ile karatasi kuko mahali wameandika huyu, akagusa kichwa cha binti. Nikasema hapana, hawajaandika.

"Basi umwambie aongeze," akasema. Binti alikuwa amekwisha kuvuta fimbo, juu kamio ilikuwa inarudi nyuma.